Ramani, Kibali na Hoteli za Kampala

Mganda anapojenga nyumba yake hujenga kwa maneno yetu. Tofali huliita ettoffaali, dirisha huliita eddirisa, bati ni ebbaati, na msumari ni omusumaali. Maneno haya yaliingia katika Kiganda kwa njia ya biashara na ufundi, nayo yamekaa humo kiasi kwamba wanafunzi wetu hushangaa tunapowaambia kuwa walikuwa wakisema Kiswahili kabla hawajalipa karo ya darasa letu. Lakini karatasi inayoruhusu nyumba hiyo isimame haina hata neno moja la ukoo huo. Fomu ya maombi, maelezo yaliyoandikwa pembeni mwa ramani, barua ya kukubaliwa au ya kukataliwa, na ubao unaosimikwa mbele ya kiwanja, vyote hivyo tulivyobahatika kuviona sisi vilikuwa vya Kiingereza. Ukuta wasema lugha moja na karatasi yake yasema nyingine. Juu ya pengo hilo ndipo tulipokusudia kutoa mawazo machache katika makala haya. Na kwa kuwa pengo huonekana wazi zaidi jengo linapokuwa kubwa, tutazungumza hasa juu ya hoteli.

Wasomaji wetu wa pwani watuwie radhi kwanza kwa neno hoteli lenyewe. Kwao hoteli yaweza kuwa kibanda cha chai na maandazi, na hata hapa Kampala wooteeri ya Kiganda ni mahali pa kulia matoke saa sita mchana. Hoteli tunayoikusudia ni ile ya kulaza wageni, yenye bustani, bwawa la kuogelea, na mlinzi langoni anayekuuliza umekuja kumwona nani.

Kwa miaka kadhaa tulifundisha darasa la jioni katika ukumbi wa kukodi juu ya kilima kimoja cha mji huu. Ukumbi haukuwa na sifa yoyote ila kwamba ulikuwa karibu na watu. Wanafunzi walitoka kila upande: wauguzi, askari wastaafu wawili waliotaka kusahihisha Kiswahili cha kambini, vijana waliokuwa wakitazamia kazi Nairobi au Juba, akina mama wauzao ndizi na nyanya, na mafundi wa ujenzi ambao walifika na vumbi la saruji nyweleni. Nyuma ya ukumbi palikuwa na hoteli ya kiasi. Tulizoea harufu ya nyama choma yake saa moja jioni, hasa tulipokuwa tukifundisha hali ya masharti, na mara nyingi mifano ya wanafunzi ilielekea huko: ningekuwa na fedha ningekula.

Kisha uzio wa mabati ukapandishwa. Hakuna aliyetuambia lolote. Aliyetufumbulia jambo lile ni mwanafunzi wetu mmoja, fundi mwashi, ambaye alikuwa amepata kibarua huko huko ndani ya uzio. Alisema hoteli inaongezwa ghorofa tatu, na kwamba vyumba vyake havitapangishwa kama vyumba vingine. Vitauzwa kwa wiki.

Darasa zima lilidhani amekosea kitenzi. Hakukosea. Iko biashara ya namna hiyo, iliyoanzia Ulaya katika miaka ya 1960 na kukulia Marekani. Mtu hanunui nyumba, wala hapangi chumba. Hununua muda: tuseme wiki ya kwanza ya mwezi wa 8, kila mwaka, katika chumba kile kile au kinachofanana nacho, wiki nyingine 51 ni za watu wengine ambao huenda asikutane nao maisha yake yote. Kila mmoja hulipa pia ada ya mwaka ya kutunza jengo, aje asije. Wapo walioridhika nayo, na wapo waliojuta, hasa walipotaka kuuza wiki yao wakakuta hakuna anayeitaka. Hayo si yetu. Lililotushughulisha sisi ni kwamba katika biashara hii mjenzi aweza kuanza kuuza kabla hajasimamisha nguzo moja. Anachouza siku hiyo si chumba. Ni mchoro wa chumba. Kwa hiyo ramani, ambayo kwa mjenzi wa kawaida ni chombo cha kazi, kwake ni bidhaa, na lazima ipendeze. Kila kisichopendeza hakichorwi.

Tulikwenda kuuliza. Hatutaitaja hoteli wala ofisi tuliyokwenda, kwa maana hatukuja kumshtaki mtu katika kurasa hizi. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu njema. "Mwalimu," alisema, "ramani ipo, lakini si ya kuonyeshwa kila mtu." Tulirudi na barua. Tuliambiwa barua ikosewe nini ikosewe nini, tukairudia. Mara ya tatu ramani ilitandazwa juu ya meza, ikazuiliwa pembe zake kwa mashine ya kubania karatasi na kikombe cha chai. Ilikuwa kazi safi, hatuna budi kusema. Miti ilikuwa imechorwa mmoja mmoja. Kijia ambacho wanafunzi wetu hupitia kutoka kwenye kituo cha bodaboda kilikuwa kimekuwa maegesho ya magari 18. Ukumbi wetu haukuwamo. Mahali pake palikuwa peupe.

Tuliandika pingamizi. Darasa liliona fahari kuliandika kwa Kiswahili, kisha tukalifasiri kwa Kiingereza, na wanafunzi wote 27 wakatia sahihi nakala zote mbili. Ile ya Kiingereza ilipokelewa ikagongwa muhuri. Ile ya Kiswahili tulirudishiwa kwa heshima kabisa: "Hii, Mwalimu, hatuna mahali pa kuiweka." Jibu la ile ya kwanza lilipofika, kijia kilikuwa kimekwisha kufungwa. Darasa likahamia kilima cha pili. Katika wale 27, waliotufuata ni 12. Akina mama wa sokoni hawakuweza. Anayefunga meza yake saa kumi na mbili jioni, mwenye watoto wanaomngoja, hana nguvu ya kupanda kilima kingine kwa ajili ya ngeli za majina. Mmoja wao alikuwa ameanza kusoma gazeti bila kusaidiwa. Upanuzi wa hoteli nao ulifika ghorofa ya kwanza ukasimama. Hadi leo nguzo ziko pale, na nondo zimechomoza juu zikiota kutu.

Jambo letu hilo ni dogo, na mji huu umeona makubwa zaidi. Tumelieleza kwa sababu lilitusaidia kulielewa vizuri zaidi lile lililowapata walimu wenzetu mwaka 2006.

Shimoni ni jina la Kiswahili, na sarufi yake ni ya somo la mwezi wa kwanza: shimo, pamoja na kiambishi cha mahali. Kwa mkazi wa Kampala wa miaka mingi jina hilo halikumaanisha shimo, bali walimu. Chini ya Nakasero, kando ya Nile Avenue, katikati kabisa ya mji, palikuwa na chuo cha kufundishia walimu wa shule za msingi, na pamoja nacho palikuwa na shule ya mazoezi. Msomaji aliyepitia chuo cha ualimu hahitaji kuelezwa maana ya mpango huo. Asubuhi mwanachuo husikiliza habari za kufundisha. Baadaye huvuka uwanja akasimama mbele ya watoto halisi, mkufunzi wake akiwa amekaa nyuma na daftari. Umbali kati ya nadharia na mtoto ni hatua chache. Ukivunja ukaribu huo huwezi kuurudisha kwa kununua vitabu.

Serikali ilikuwa imekubali kuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, uliopangwa kufanyika Novemba 2007, na mji ulihofiwa kukosa vitanda vya kutosha vya hadhi iliyotakiwa. Ardhi ya Shimoni, kiasi cha ekari 15, ilitengwa kwa ajili ya hoteli ya nyota 5, na mwekezaji aliyepewa alikuwa Kingdom Hotel Investments, kampuni ya mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia. Mwaka 2006 majengo yakavunjwa. Chuo kikahamishiwa nje ya mji, upande wa Kira katika Wilaya ya Wakiso, na watoto wa shule ya mazoezi wakatafutiwa nafasi kwingine. Novemba 2007 ikafika. Malkia Elizabeth alikuja, wakuu wa nchi walikuja, walilala na kula na kuondoka. Shimoni hapakuwa na hoteli. Palikuwa na uzio na majani.

Pakakaa hivyo kwa miaka. Hatimaye ardhi ikapita katika mikono mingine, ya mfanyabiashara wa humu humu nchini, na leo pamesimama jumba la maduka na maofisi liitwalo Kingdom Kampala. Jambo hili twaliona la ajabu kila tunapopita hapo: hoteli ambayo haikujengwa imeacha jina lake juu ya ukuta, ilhali chuo kilichokuwapo hakikuacha hata kibao. Jina la Shimoni limebaki katika midomo ya makondakta na ya wazee, na katika chuo chenyewe kilichohama nalo. Siku moja tulimsikia kijana akimweleza mgeni kwamba pale panaitwa Shimoni kwa sababu walichimba shimo la hoteli wakaliacha. Twalielewa kosa lake. Miaka mingi lilikuwa ndilo jambo pekee lililoonekana.

Hatusemi kwamba karatasi za Shimoni zilikuwa na kasoro. Yawezekana zilikuwa timamu kuliko za nyumba zote za mtaa wetu. Hilo ndilo tunalotaka msomaji alitazame. Mtu hudhani kuwa ubaya wa ujenzi uko katika kukosa vibali, naye hana makosa kabisa, kwa maana upo ushahidi mchungu. Tarehe 1 Septemba 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, katika barabara ya kwenda Entebbe, iliporomoka ikaua watu 11. Katika ajali za namna hii wanaokufa aghalabu ni vibarua na mafundi, si waliotia sahihi. Sheria mpya ya kudhibiti majengo ilipitishwa mwaka 2013, miaka tisa baadaye, nayo ni sheria yenye busara: ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, mahesabu ya nguzo na mihimili yafanywe na mhandisi, kamati ya majengo itoe kibali kabla ya mtu kuanza kuchimba, wakaguzi wapite kazi inapoendelea, na jengo likiisha lipatiwe cheti kabla hajaingia mtu kulikalia. Tungefurahi ingefuatwa yote. Lakini hata ikifuatwa yote, neno kwa neno, bado haitajibu swali la Shimoni, wala la kile kijia chetu. Sheria ya majengo huuliza kama ukuta utasimama. Haiulizi ni nani aliyekuwa amesimama hapo kabla ya ukuta.

Swali hilo la pili liko katika sheria ya mipango miji, ile ya 2010, iliyochukua mahali pa sheria iliyoanzia enzi za ukoloni. Humo imeandikwa kwamba mipango ya maeneo iwekwe hadharani, wananchi waione, watoe maoni na mapingamizi yao. Ni maneno mazuri. Sasa tuulizane: hadharani maana yake nini? Karatasi iliyobandikwa ukutani katika lugha ambayo muuza nyanya haisomi, je, iko hadharani au iko sirini palipo na mwanga?

Tabia hii ina mizizi mirefu, nasi hatutaifuata yote. Yatosha kukumbuka kwamba Kampala kwa muda mrefu ilikuwa miji miwili. Upande mmoja ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni, Nakasero na Kololo, uliochorewa ramani na wataalamu waliotoka mbali. Miaka ya 1940 mmoja wao alikuwa Ernst May, Mjerumani mashuhuri aliyekuwa amejenga mitaa mizima mjini Frankfurt. Upande wa pili ulikuwa Mengo, mji wa Kabaka, wenye ardhi ya mailo na taratibu zake, ambao haukuunganishwa na Kampala mpaka mwaka 1968. Katika mji wa kwanza mtu alijenga kwa ramani. Katika mji wa pili alijenga kwa kuelewana na mwenye ardhi na majirani, akawapa kanzu au kuku, wakaonyeshana mpaka kwa mti wa luwaano. Hatuusifu mji huo wa pili kupita kiasi. Moto ulipowaka hapakuwa na njia ya kupitisha gari la maji. Lakini yule jirani aliyeitwa kuonyeshwa mti alijua lililokuwa likitendeka. Mji wa karatasi ulipoumeza mji wa mti, desturi ya kumwita jirani ilipotea, na haikuletwa nyingine mahali pake.

Na mara nyingi anayeharakisha kalamu ni mgeni. Mwaka 1975 Uganda ilipokea mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kwa ajili yake likajengwa jumba la mikutano pamoja na Nile Mansions, hapo hapo chini ya Nakasero. Wageni walipoondoka, vyumba vile vilikuja kujulikana kwa mateso ya raia walioingizwa humo na watu wa usalama wa Idi Amin; wako wazee mjini hapa ambao hawapiti barabara ile bila kunyamaza. Baadaye paliitwa Nile Hotel, na mwaka 2006, baada ya kukarabatiwa, pakafunguliwa upya kwa jina la Kampala Serena, tayari kwa mkutano wa mwaka uliofuata. Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, palipanuliwa kwa ajili ya mkutano huo huo wa 2007. Januari 2024 ukaja mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na mara baada yake ule wa Kundi la 77 na China, na Munyonyo pakajengwa ukumbi mpya mkubwa. Katika mambo haya kalenda ya mgeni ndiyo hushika fimbo. Ramani ambayo kwa mwenye nyumba wa kawaida hungoja miezi, huamka mapema mgeni anapotajwa.

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuubishi usemi huo. Wanafunzi wetu wengi hula mkate wa hoteli. Wako wapishi, wapokeaji, watandikaji, na mwongoza watalii mmoja ambaye Kiswahili alichojifunza kwetu kilimpa kazi na wageni wa Dar es Salaam. Mji usio na mahali pa kulaza mgeni si mji. Twauliza tu ni mwenyeji yupi anayepona. Yule aliyekuwa na kiwanja, au na yule aliyekuwa na darasa? Kando ya ziwa kanuni za mwaka 2000 zilitenga mita 200 kutoka majini zisijengwe bila idhini ya pekee, na jambo moja tunalolipenda katika kanuni hiyo ni kwamba imemhesabu mwenyeji asiyeweza kuandika pingamizi: mafunjo, na samaki wanaozaa ndani yake. Kama kanuni yaweza kumfikiria samaki, haitakuwa vigumu kuizoeza imfikirie muuza nyanya.

Tuingie sasa katika kazi yetu wenyewe, yaani maneno.

Ramani ni neno lililosafiri. Lilikuja kwetu na mabaharia. Waarabu walikuwa na vitabu vya uongozi wa safari za baharini vilivyoitwa rahmani, na neno hilo nalo walilipata kwa Waajemi, ambao kwao lilihusu kuonyesha njia. Kwa hiyo ramani katika asili yake ni kitu cha kumwonyesha njia asiyeijua. Tulipoyaeleza haya darasani, baada ya kuhama, yule fundi wetu mwashi alicheka sana akasema kwamba ile ramani ya hoteli ilifunga njia badala ya kuionyesha.

Kibali nacho ni ndugu wa kukubali. Hili kila mwalimu analijua, lakini aghalabu tunalipita mbio. Ruhusa hutoka juu kwenda chini: mkubwa humpa mdogo. Idhini nayo ni ya mwenye mamlaka. Bali kibali, kwa sababu ya ukoo wake, chadai kwamba pawe na mtu aliyekubali, na mtu hawezi kukubali asilolijua. Wanaotunga kamusi za istilahi wamekiweka kibali mahali pa ruhusa ya ofisi, nasi tumefuata. Matumizi yamekwisha kuwa hivyo na hayarudishwi nyuma. Hata hivyo tunapolifundisha neno hili twapenda kumwachia mwanafunzi mlango wazi: kibali hiki, ni nani aliyekubali?

Huenda msomaji akasema kwamba tunakidai Kiswahili mahali ambapo Kiganda kingetosha. Hoja hiyo ina nguvu, wala hatuikwepi. Katika mtaa wa Waganda karatasi ya Kiganda ingefanya kazi kuliko ya Kiswahili, nasi tungeishangilia. Lakini Kampala ya leo si ya kabila moja. Ndani ya uzio mmoja wa mabati utamkuta fundi wa Masaka, kibarua wa Arua, mchomeleaji wa Kisii na dereva wa lori wa Bukavu, na wanapopitishiana karai la zege lugha inayotumika, ikiwa imevunjika au nzima, mara nyingi ni hii yetu. Na kisheria si lugha ngeni. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa, kwa amri ya utawala ambao watu walikuwa na sababu ya kutoupenda, na pengine jambo hilo liliidhuru lugha kuliko kuifaa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoamua kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukitumia rasmi, na shule zikahimizwa kukifundisha. Lugha rasmi isiyo na mahali pa kuwekwa mezani pa karani ni ya urasmi gani, hilo tunawaachia wanasheria.

Sisi tulianza na lililo mkononi. Mbele ya kila kiwanja kikubwa mjini hapa pana ubao unaotaja jina la mradi, mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi, na namba ya kibali. Tuliwatuma wanafunzi 12 waliobaki wakanakili mbao walizozipita njiani, kila mmoja mbao mbili, na kwa majuma matatu kazi yetu ilikuwa kuziandika upya kwa Kiswahili ambacho muuza nyanya angekielewa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko tulivyotazamia, na hatukumbuki somo lililochangamka kama hilo. Mmiliki au mwenye mradi? Walichagua mwenye mradi, kwa kuwa, walisema, mmiliki ni wa ardhi na mwenye mradi huenda ardhi si yake. Msanifu majengo walimkubali bila ubishi. Mhandisi wa nguzo na mihimili wakamwita hivyo hivyo, kwa urefu, kwa hoja kwamba kibarua anayesoma afahamu ni nani wa kuulizwa nguzo ikipasuka. Wakaongeza mstari ambao haumo katika ubao wowote tuliouona: mahali ramani inapoweza kutazamwa, na saa za kutazama.

Biashara ya wiki ilitugawa. Muuguzi mmoja alitaka umiliki wa zamu, na askari mstaafu akamuunga mkono, maana zamu aliijua miaka 22. Kijana mmoja alitaka wiki za kununua. Fundi mwashi alikataa yote mawili akasema aitwe mpangaji aliyelipa mbele kwa sababu, kwa maoni yake, asiyeweza kulala chumbani Desemba hawezi kuitwa mwenye chumba. Tulipiga kura, umiliki wa zamu ukashinda kwa kura moja, naye fundi hajaridhika hata leo.

Lilibaki neno moja. Cheti kinachotolewa jengo likikamilika tumekiita cheti cha kukalia jengo, na tunadhani chatosha. Lakini swali lililofuata hatukuweza kulijibu. Lile jengo lililobakia nguzo na nondo, ambalo kijia kilifungwa kwa ajili yake na darasa likaondoka kwa ajili yake, lile lisilo hoteli na ambalo ardhi yake si wazi tena, liitwe nini? Gofu halifai, kwa maana gofu lilikuwa nyumba zamani. Msingi nao umezidi, kwa maana kuna ghorofa juu yake. Wanafunzi walileta maneno ya Kiganda, ya Kiluo na ya Lugbara, kila moja likakosa kidogo. Wasomaji walio Unguja, Lamu, Mombasa au Bukavu, ambako nguzo za namna hii pia hazikosi, wakiwa na neno lake watuletee kwa njia ya jarida hili, nasi tutalipeleka darasani.